Divai ya Pipa Inataka Mbuzi, Haitaki Kapiteni

Chupa ya divai nyekundu inayouzwa Bunia imetoka mbali. Nyingi ni za Afrika Kusini, zimepitia Uganda hadi kutufikia, na kila zinapopakuliwa bei hupanda. Kwa hiyo inaniuma kumwona mtu amejinyima akanunua ile nzuri, iliyolala kwenye pipa, kwa ajili ya harusi ya mwanawe, halafu chupa inashinda mezani chini ya bati na mwishowe inanywewa pamoja na samaki. Divai haina kosa hapo.

Nazungumzia divai ya mchanganyiko, yaani ya zabibu za aina mbili au zaidi. Bordeaux, Ufaransa, wamezoea kuchanganya Cabernet Sauvignon, yenye ukali na nguvu, na Merlot iliyo laini zaidi. Afrika Kusini huongeza wakati mwingine Pinotage, zabibu aliyoizalisha Profesa Abraham Perold kule Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut.

Kisha linakuja pipa la mwaloni. Lile la Bordeaux huchukua lita 225. Fundi huwasha moto ndani yake ili mbao zikubali kupinda, na moto huo huo huamsha harufu zilizolala ndani ya mti. Vanilini ndiyo ile ya vanila inayolimwa upande wa Beni. Eujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Mbao zikiungua zaidi hutoa moshi na kahawa iliyokaangwa. Divai ikikaa humo mwaka mmoja au zaidi, hewa hupenya kidogo kidogo na ukali hutulia. Watengenezaji wa divai za bei rahisi hutumbukiza vipande vya mwaloni ndani ya tangi: vanila unaipata, utulivu huupati. Ukisoma *fût de chêne* kwenye lebo, ujue wanadai imekaa pipani.

Kabla ya kuonja, ipoze. Bunia iko juu ya mita 1,200 na usiku wetu una baridi, lakini saa nane mchana sebuleni ni joto, na joto hutanguliza pombe puani. Divai hii inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Nusu saa ndani ya friji inatosha. Umeme ukikosekana, izungushie kitambaa kilicholowa na uiweke penye upepo. Kama ingali changa, imimine kwenye jagi saa moja kabla ya kula.

Jaza theluthi ya glasi tu. Nusa kwanza bila kuitikisa, kisha izungushe na unuse tena. Tunda ndilo linalotakiwa kutangulia, zambarau iliyoiva sana, na viungo vya pipa vifuate nyuma. Ukikutana na mbao tupu, pipa limemeza zabibu, na mimi divai ya namna hiyo siisifu hata iuzwe ghali vipi. Mdomoni utasikia fizi zinakauka, kama umekunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi. Hiyo ni tanini, inayoshikana na protini za mate.

Na hapo ndipo mbuzi anapoingia. Protini za nyama huidaka tanini kabla haijayafikia mate, mafuta huulainisha mdomo, chumvi hupunguza uchungu. Chukua mbavu za mbuzi zilizochomwa taratibu juu ya makaa, mafuta yanachuruzika hadi ukingo unakuwa mweusi na mkavu: moshi wa nyama unakutana na moshi wa pipa. Pilipili ibaki pembeni ya sahani, kwa sababu pombe ya asilimia 14 huzidisha moto wake na huwezi tena kusikia ladha ya kitu kingine.

Samaki aina ya kapiteni wa Kasenyi na Tchomia muachie divai nyeupe au bia. Madini ya chuma yaliyomo kwenye divai nyekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta shombo linalokaa mdomoni muda mrefu. Sombe ya mawese nayo ina uchungu wake. Itafutie chupa yenye Merlot nyingi, na upike na nyama ndani. Asiyekula nyama asidhani ameachwa nje. Uyoga mkavu uliopikwa mzito, ukaliwa na bugali, unaipokea divai hii vizuri ajabu, na jibini ya Masisi iliyokomaa pia.

Kwenye harusi, mimina kabla ya keki kukatwa. Sukari huifanya divai kavu ionekane chungu na chachu. Ikibaki, rudisha kizibo na uiweke kwenye friji, itanyweka kwa siku mbili au tatu. Zikipita hizo, itie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe pamoja na vitunguu, iache ichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito.