Tomati ya ndani ya bido: ule weusi wa chini si ugonjwa

Tangu mvua ianze, kila juma mtu ananitumia picha ileile: tomati nzuri juu, lakini chini kuna doa jeusi, kavu, kama ngozi ya kiatu. Na swali ni lilelile: « Agro, nipulize dawa gani? » Hakuna dawa ya kupuliza. Wengi wamekwisha kutupa franka zao kwa poda ya kuua kuvu na weusi ukaendelea, juu si kuvu iliyouleta.

Mimi pia nilianguka hapo. Nilipomaliza lisanse kazi haikuonekana, nikapanda miti 12 katika bido za lita 10 nyuma ya nyumba, hapa Lubumbashi. Mama yangu mkubwa ndiye alitoa pesa ya mbegu. Kwa mavuno ya kwanza, zaidi ya nusu ilikuwa na kitako cheusi. Aliziangalia, akaniuliza: « Mwanangu, miaka 5 ya univerisite ni kwa hii? » Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu ni hili. Tunda la tomati linahitaji kalsiamu ili nyama yake ishikamane. Kalsiamu haitembei yenyewe: inapanda na maji kutoka mizizini. Majani yanavuta maji mengi kuliko tunda, kwa hiyo maji yakipungua, tunda ndilo linakosa, na ile sehemu ya mwisho kabisa, chini, inakufa. Inaanza tunda likiwa bado dogo. Sisi tunaona nyuma, wakati limekwisha kunenepa. Bido ya lita 10 kwenye jua inakauka mbele ya saa nane. Mimi nilikuwa namwaga maji mengi jioni tu. Kalsiamu ilikuwemo ndani ya udongo, lakini gari la kuibeba halikuwepo.

Niliongeza makosa mengine mawili. Niliweka mavi ya kuku mabichi: yana amoniaki nyingi, inachoma mizizi na inazuia mti kukamata kalsiamu. Halafu nikaweka majivu ya mbabula bila kipimo. Majivu yana kalsiamu, ni kweli, lakini yana potasi nyingi pia, na hizi mbili zinagombania mlango mmoja. Kiganja kimoja kwa bido kinatosha.

Sasa nachanganya hivi: ndoo 2 za udongo mweusi wa juu, ndoo 1 ya mboji iliyokaa miezi 3, ndoo 1 ya mchanga mnene wa mtoni au vumbi ya makala. Udongo wetu mwekundu peke yake ni mchachu, na ndani ya bido unashikana kama tofali. Ndiyo maana wakulima wa Katanga wanapenda udongo wa kichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa mara nyingi vina chokaa ndani, na watafiti wa hapa Lubumbashi wamevichunguza sana. Lakini ni udongo mzito, si bure wanafyatulia matofali! Usipitishe sehemu 1 juu ya 5. Kama unaweza kupata chokaa ya shamba, vijiko 2 vya mezani kwa bido, wiki 2 au 3 mbele ya kupanda. Ile chokaa ya moto ya wajenzi, hapana. Na maganda ya mayai ambayo kila mtu ananiambia, yasage yawe unga; hata hivyo yatasaidia mwaka kesho, si tunda la leo.

Chombo kiwe cha lita 20 kwenda juu, chenye matundu chini, na majani makavu juu ya udongo. Maji asubuhi, na jioni kama jua limekuwa kali. Kidogo kidogo lakini kila siku.

Jambo moja sisi watu wa mji wa madini hatulisemi vya kutosha: usichote udongo pembeni ya kiwanda cha kuyeyusha shaba wala kandokando ya njia ya malori ya madini. Kobalti na risasi hazionekani kwa macho. Na bido iliyobeba asidi haioshwi ikawa ya chakula, hata wakikuuzia bei ya chini.

Mti ukinyauka wote ndani ya siku chache, majani yakiwa bado mabichi na udongo una maji, hiyo ni hadithi nyingine. Kata shina, lisimamishe katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria. Ng'oa, choma, na udongo ule usipandie tena tomati, pilipili wala bilinganya.

Zile zenye kitako cheusi, zitoe mapema ili mti ulishe nyingine. Kama doa ni kavu na halijaoza, kata sehemu ile. Inayobaki inaingia kwenye sufuria bila shida.