Kadi ya Heri Isimtie Mtahiniwa Hofu

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, unapokaribia, jamaa na marafiki huwaandikia watahiniwa kadi za kuwatakia heri. Ni desturi nzuri. Lakini je, umewahi kufikiria jinsi maneno yako yanavyoweza kuuathiri mwili wa mtoto?

Mtu anapoogopa, mwili humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hudunda upesi, viganja hutoa jasho na tumbo husokota. Hofu kidogo humchangamsha mtahiniwa. Ikizidi, usingizi hupotea, na hata aliyoyasoma humtoka akilini. Kumbuka kwamba kijana wa umri huo huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku.

Basi usiandike, "Ukoo mzima unakutegemea" au "Lazima upate A". Huo ni mzigo. Taja bidii uliyoiona mwenyewe: "Nimekuona ukidurusu kila jioni. Lala mapema, unywe chai asubuhi, uanze na maswali unayoyajua. Matokeo yawe yoyote, wewe ni mwanetu." Mpelekee siku kadhaa mapema, si usiku wa kuamkia mtihani.

Hata hivyo, kadi si dawa. Ukiona mtahiniwa hapati usingizi siku nyingi, amekataa chakula, anajitenga au anasema ni afadhali afe, usimkemee wala usingoje mtihani uishe. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Mtihani waweza kurudiwa, maisha hayarudiwi.