NYOKA MAMBA NA MILANGO YA NEVA



Sisi watu wa Kolwezi tunajua umeme. Maji ya Lualaba yanauzalisha kule Nzilo na Nseke, kiisha unapita katika waya. Mwili wetu pia uko na umeme, lakini huu hauna waya wa mukuba. Unatoka kwa chumvi mbili: sodiamu na potasiamu.

Ndani ya seli ya neva mna potasiamu nyingi, karibu mara 30 kupita nje. Sodiamu ndiyo nyingi nje. Neva ikipumzika, umeme wa ndani uko chini ya ule wa nje kwa milivolti 70 hivi. Katika ukuta wake mna milango midogo sana, na kila chumvi iko na mlango wake.

Ukitaka kuinua mkono, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia mbio, umeme unapanda. Kiisha milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, umeme unashuka tena. Gawanya sekunde moja mara 1,000: kazi hii yote inachukua sehemu moja ao mbili tu. Basi potasiamu ndiyo breki. Hodgkin na Huxley wa Uingereza walieleza jambo hili mwaka wa 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi, mnyama wa bahari. Mwaka wa 1963 walipata zawadi ya Nobel.

Sasa, breki ikikatika? Tuangalie nyoka mamba (si ule mamba wa mtoni, Watanzania wanamwita koboko yule mweusi). Anaishi hata huku kwetu Katanga. Katika sumu yake mna dendrotoksini, ambayo Harvey na Karlsson waliandika habari zake mwaka wa 1980, wakitumia sumu ya mamba wa kijani. Inaziba mlango wa potasiamu kama kizibo cha chupa. Neva haitulii, inatuma amri bila kuacha, na misuli inatetemeka. Sumu zingine za mamba zinazuia amri isifike kwenye misuli: kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwisho pumzi inakatika.

Kwa hiyo mtu akitetemeka hivi, tusiseme amelogwa. Tusimchanje na wembe, tusimfunge kamba ya kukaza, tusipoteze saa kwa jiwe jeusi: haliwezi kuzibua milango ya neva. Alale kimya, mguu ufungwe na kijiti usitikisike, abebwe lopitalo mbio, kwenye seramu. Pumzi ikikatika njiani, mumpulizie kinywani bila kuchoka, maana moyo ungali unapiga.

Tena, siku ya posho kwenye salongo, tukate majani yote nyuma ya mabweni. Asikose mtu.

Mkubwa wa wanafunzi, kilasi ya mwisho