Watu waongezeka, wanunuzi je?

WAFANYABIASHARA wengi husikia takwimu za sensa na kuzichukulia kuwa ni habari za Serikali tu. Hata hivyo, kwa mwenye duka, kiwanda kidogo au hisa chache, takwimu hizo ni taarifa ya soko kama ilivyo bei ya mahindi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Ongezeko hilo ni la asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukitazama harakaharaka, soko limepanuka kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka 10.

Suala lenyewe liko kwenye umri. Katika kila watu 100, karibu 43 walikuwa chini ya miaka 15, na wapatao wanne walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wenye umri wa kufanya kazi walikuwa 53 tu. Maana yake, kila watu 100 wa umri huo wana wategemezi wapatao 87, bila kuhesabu wanafunzi wakubwa na wasio na ajira.

Kipato kinachogawanywa namna hiyo huishia kwenye unga, sabuni, sare na madaftari. Ndiyo maana sukari ya robo na mafuta ya kupima hutoka haraka dukani, wakati bima na hisa hupata wateja wachache.

Mabadiliko yameanza, ingawa taratibu. Utafiti wa mwaka 1991/92 ulionyesha wastani wa watoto 6.2 kwa kila mwanamke. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Uzazi ukiendelea kushuka, wategemezi hupungua na kaya huanza kuweka akiba.

Korea Kusini ilipita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanawake wake walizaa wastani wa watoto sita hivi. Uzazi uliposhuka, vijana waliokwisha kuzaliwa waliingia kwenye viwanda vya nguo na wigi, na baadaye vya meli na vyombo vya umeme. Bila viwanda hivyo, kupungua kwa watoto peke yake kusingeleta neema.

Aidha, nafasi hiyo haidumu. Nchini Japani, idadi ya watu wa umri wa kufanya kazi ilifikia kilele mwaka 1995 na tangu hapo imekuwa ikishuka. Mwaka 2024 kampuni ya Oji Holdings iliacha kutengeneza nepi za watoto nchini humo, ikaelekeza nguvu kwenye nepi za watu wazima.

Kwa Tanzania, mtihani uko karibu. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, wanatimiza miaka 18 kati ya mwaka 2027 na 2028. Wakipata kazi za mshahara, watapanga vyumba, watanunua vitanda na kufungua akaunti. Michango yao itaingia pia kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hati fungani za Serikali.

Wakikosa kazi hizo, watabaki mikononi mwa wazazi, au wataingia mitaani kuuza bidhaa zilezile zinazouzwa na waliowatangulia. Hapo wauzaji watazidi kuongezeka, huku fedha za mnunuzi zikibaki palepale na faida ya kila mmoja ikipungua.

Kwa hiyo, anayepanga kufungua duka jipya au kununua hisa za kampuni ya bidhaa za nyumbani asitosheke na kuhesabu vichwa. Aangalie ajira mpya zenye mshahara, idadi ya wanachama wa mifuko ya hifadhi, na wastani wa uzazi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyomwonyesha kama wingi wa watu unageuka kuwa wingi wa wanunuzi.