Ndoo moja: togwa ya mtoto leo, pombe kesho

Siku ya pili baada ya kimea kukorogwa, mtoto wa miaka minne aliingia jikoni na kikombe chake, akafunua ndoo iliyokuwa karibu na mafiga na kuanza kuchota. Mama yake, mkazi wa Kasense mjini Sumbawanga aliyekuwa akipika pombe ya ulezi kwa mara ya kwanza, alimuwahi. Kisha akabaki amesimama na kikombe mkononi, maana jana yake mtoto huyohuyo alikunywa kutoka ndoo hiyohiyo na hakuna aliyeona kosa. Jana ilikuwa togwa. Leo je?

Wapishi wazoefu hujibu swali hilo kwa ulimi. Anayeanza hana ulimi huo, hivyo ni vizuri ajue kinachoendelea ndani ya ndoo.

Kazi huanzia kwenye kimea. Ulezi ukilowekwa kama siku moja, kisha ukafunikwa na kuachwa uchipue kwa siku mbili au tatu, punje hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpishi huuanika, huusaga, kisha huukoroga kwenye uji mzito wa mahindi. Hapo vimeng'enya vinaendelea na kazi, safari hii kwenye wanga wa uji. Baada ya muda mfupi uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea na kuwa mtamu, bila kijiko hata kimoja cha sukari.

Mama huyu alikosea hapo mara ya kwanza. Alitia kimea uji ukiwa bado unatokota, na hadi asubuhi ulikuwa mzito vilevile. Akadhani ameuziwa kimea kibovu. Moto mkali huua vimeng'enya. Uji unapaswa kupoa hadi uwe vuguvugu ndipo kimea kiingie.

Wazazi wenye watoto wadogo wana faida nyingine hapa. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walionyesha kuwa unga wa nafaka iliyochipua hulainisha uji wa mtoto, hivyo mama anaweza kuongeza unga na mtoto akapata nguvu zaidi kwa kiasi kilekile anachoweza kumeza.

Sukari ikishapatikana, wanakuja walaji wa aina mbili, wote wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Hawanunuliwi dukani, wengi wao wamekuja na kimea chenyewe. Wa kwanza ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa ya mgando. Hawa ndio wanaoipa togwa ukali wake, na asidi yao huwapa shida vijidudu vingi vya kuharisha. Utafiti wa Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) na Ulf Svanberg, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kuwa watoto wa hapa nchini waliokunywa uji uliochachushwa hivyo waliharisha mara chache zaidi.

Wa pili ni hamira. Hizi hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo mapovu. Haziwasubiri bakteria wamalize. Zinaanza nao, ila kwa kawaida huchelewa kushika kasi. Kwa hiyo hakuna saa ambayo togwa inaisha na pombe inaanza. Kilevi huongezeka kidogo kidogo, na ukali wa asidi unaweza kukificha mdomoni.

Na saa za jirani hazikusaidii. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika baridi ya Juni na Julai, ndoo ambayo Dar es Salaam ingekuwa inatoa povu kesho yake inaweza kuwa bado imelala. Kuisogeza karibu na mafiga huwaamsha walaji wote wawili, hivyo ndoo iliyokaa motoni na ile iliyokaa stoo hazina umri mmoja hata kama zilikorogwa pamoja.

Njia ya uhakika ni kutenganisha mapema. Sehemu ya watoto itolewe siku ileile ya kwanza, ikiwa tamu na kabla ya mapovu, iwekwe kwenye chombo chake na inywewe siku hiyo. Kuichemsha hapo huua hamira na kusimamisha safari. Kuchemsha iliyokwisha kuwa pombe ni jambo jingine: kilevi hupungua, hakiishi chote. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi hata togwa, chakula chake ni maziwa ya mama tu. Mjamzito naye asidanganywe kuwa pombe ya ulezi ni chakula. Hakuna kiasi cha kilevi kinachojulikana kuwa salama kwa mimba.

Kuna hatari moja ambayo kuchachua hakuiondoi, nayo ni ukungu. Punje zenye unyevu zikifunikwa siku tatu ni makao mazuri ya kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu isiyoisha kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi, au harufu ya uvundo, kitupwe, na kuku wasipewe.

Chombo nacho kina habari yake. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani halifai hata likioshwa mara kumi. Na kifuniko kisikazwe, kwa sababu hewa ya ukaa inahitaji pa kutokea. Mama wa Kasense alijua hilo usiku, kifuniko cha dumu lake kiliporuka na kugonga bati.

Sasa ana vyombo viwili. Jagi la watoto liko kwenye kabati, chini, wanapofikia. Ndoo iko stoo, imefunikwa kitambaa, na ufunguo anatembea nao.