Paka Mpelelezi na Kipuli cha Homa Bay

Wiki hii twaomba ruhusa tuzungumze juu ya vitabu vya paka, nasi twajua wapo watakaotabasamu kabla ya kufika aya ya pili. Sisi pia tulitabasamu, siku binti yetu aliporejea kutoka kwa nyanyake Mombasa akiwa na vitabu vitatu vikuukuu, kila kimoja na picha ya paka kwenye jalada. Twaishi Homa Bay, mahali ambapo kilima cha Asego chaonekana kutoka mlangoni, na hapa tulihamia kwa ajili ya biashara. Jioni za huku, baada ya isha, ni tulivu mno. Basi tukaanza kusomeana.

Mwandishi wa vitabu hivyo ni Mmarekani, Lilian Jackson Braun. Kitabu cha kwanza cha mfululizo wake, The Cat Who Could Read Backwards, kilitoka mwaka wa 1966. Baada ya vingine viwili alinyamaza kwa miaka 18, akarudi mwaka wa 1986, na hatimaye riwaya zikafika 29. Shujaa wake ni mwandishi wa magazeti aitwaye Qwilleran, bwana wa makamo mwenye masharubu mazito, anayeishi na paka wawili, Koko na Yum Yum. Visa vingi hutokea katika mji mdogo wa kubuni uitwao Pickax, ambako kila mtu amjua mwenziwe na habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe kufika.

Koko hasemi hata neno moja. Huangusha kitabu kutoka rafuni, hulia usiku pasipo sababu, hukaa mbele ya mlango fulani akakataa kuondoka. Ni juu ya binadamu kufikiri maana yake. Hapo ndipo tulipovutiwa, kwani mwandishi hakumfanya paka kuwa mzungumzaji wala mchawi. Rita Mae Brown, ambaye tangu mwaka wa 1990 amekuwa akiandika visa vya paka aitwaye Mrs. Murphy, yeye huwafanya wanyama wazungumze wao kwa wao ilhali watu hawawaelewi, na hata jina la paka wake, Sneaky Pie, limo jaladani kama mwandishi mwenza. Ni mzaha mzuri, lakini sisi twampenda zaidi Koko na kimya chake.

Chanzo cha vitabu vya Braun hakikuwa mzaha. Alikuwa na paka wa Siamese aliyeanguka kutoka ghorofa ya kumi akafa, na majirani wakanong'ona kuwa alisukumwa. Mama yule hakumshtaki mtu. Aliandika hadithi fupi ili apunguze uchungu wake, na kutoka hapo ndipo paka wapelelezi walipozaliwa.

Kuna mauaji ndani ya vitabu hivi, hatuwafichi. Lakini hutokea nyuma ya pazia. Msomaji haonyeshwi damu wala mateso. Hata hivyo, mezani kwao pombe hunywewa, na Qwilleran ana urafiki na mwanamke asiyemwoa. Kwa hiyo mzazi na asome kwanza, kisha aamue ni umri gani wa mwanawe unaofaa. Sisi kurasa chache tuliziruka, na binti yetu alituona tukiziruka.

Wala upelelezi si mgeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa naye hana haraka ya kumnyoshea mtu kidole: hutazama, huuliza, hungoja. Alilokosa ni paka tu, jambo la ajabu kwa mtu wa Unguja, ambako paka huingia kila nyumba bila kubisha hodi.

Sasa twasimulia letu, kwa aibu.

Mwezi wa Shaaban uliopita kipuli kimoja cha dhahabu kilipotea nyumbani kwetu. Kilikuwa kimoja katika jozi iliyoachwa na marehemu mama. Siku hiyo nyumbani alikuwepo msichana aliyetusaidia kazi, mtoto wa watu kutoka upande wa Muhuru Bay, kaunti ya Migori. Hatukusema kuwa ameiba. Tulisema tu, "Hebu tuangalie na begi lako." Akalifungua mwenyewe, akatoa nguo moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya mkeka. Hapakuwa na kitu. Asubuhi akaaga, akaenda zake, nasi hatukumzuia.

Suratul Hujurat tumeisoma tangu chuoni. Tunajua imekataza nini kuhusu dhana na kuchunguzana. Na usiku wake, twawaambieni ukweli, tulikaa tukasoma kitabu ambamo mji mzima unamshuku mtu asiye na hatia, tukamhurumia sana mtu yule wa kitabuni.

Siku ya nne binti yetu akauliza paka wetu yuko wapi. Alikuwa na mimba, na tangu juzi haonekani ila saa ya chakula. Tulimfuata kimyakimya hadi nyuma ya magunia ya mchele stoo. Alikuwa amezaa watoto watatu, na amewalaza juu ya leso kuukuu tuliyodhani imo kwenye nguo chafu. Pindo la leso lilikuwa na fundo. Ndani ya fundo kilikuwamo kipuli, tulikokifunga wenyewe tulipokwenda kutawadha, kisha tukasahau.

Jumamosi tulipanda matatu: Homa Bay hadi Rongo, tukapita Awendo na mashamba yake ya miwa hadi Migori, kisha gari jingine la kuteremkia ziwani. Hatukuzungumza sana njiani. Binti yetu alikuwa na kitabu cha Koko mapajani, lakini hakukifungua.

Tulimkuta msichana akianua omena juu ya nyavu pamoja na mamake. Tukaomba msamaha mbele ya mama mtu na majirani waliokuwepo, maana tuhuma zilikuwa zimefika huko kabla yetu. Tukampa mshahara wake wote na wa mwezi uliofuata. Akapokea, akasema ametusamehe. Tulipomwomba arudi, akatikisa kichwa, akasema la, ameshapata nafasi kwa fundi wa cherehani. Hatukumsihi.

Wakati wa kuondoka binti yetu akampa kile kitabu. Msichana akatazama jalada, akacheka kwa mara ya kwanza, akauliza watoto wa paka ni wangapi. Mamake akaingia ndani, akatoka na omena zilizofungwa kwenye gazeti, akatukabidhi.

"Hizi si zenu," akasema. "Ni za yule paka."