Lugha ya Kibali: Istilahi za Nyumba na Tathmini ya Mabadiliko ya Sura ya Nje katika Mitaa ya Kihistoria, kwa Kuzingatia Buyenzi, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi maombi ya kubadili sura ya nje ya nyumba yanavyopimwa katika miji ya kihistoria ya pwani, na kile ambacho mtaa wa Buyenzi unaweza kujifunza kutokana na uzoefu huo. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya uhifadhi hutekelezeka pale inapotaja sehemu za nyumba kwa majina yanayotumiwa na mwenye nyumba, fundi na afisa kwa pamoja. Kanuni isiyofanya hivyo hukwepwa, au hutumika kwa upendeleo.

1.0 Utangulizi

Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura katika enzi za ukoloni wa Wajerumani na Wabelgiji, una mitaa ambayo historia yake haimo katika jengo moja mashuhuri bali katika safu za nyumba za kawaida. Mmojawapo ni Buyenzi, mtaa uliopangwa na utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya watu walioitwa Waswahili. Barabara zake zimenyooka na hutajwa kwa namba. Kiswahili kingali lugha ya sokoni, msikitini na gereji. Nyumba zake za zamani ni za chini, zimeezekwa bati, zina baraza linalotazama barabara na ua kwa nyuma. Leo, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nyumba za namna hiyo zinapisha ghorofa, fremu za maduka na kuta ndefu zenye mageti ya chuma.

Burundi haikosi sheria. Iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1982, ikatunga sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa mwaka 1983, na mwaka 2016 ikapata sheria kuu ya mipango miji, makazi na ujenzi. Hata hivyo, sheria ya urithi kwa kawaida hutazama kitu kilichoteuliwa kimoja kimoja, na sheria ya ujenzi hutazama usalama, mipaka ya kiwanja na matumizi. Katikati ya hizo mbili imeachwa nyumba ambayo peke yake si mnara wa kumbukumbu, lakini pamoja na jirani zake ndiyo inayoufanya mtaa utambulike.

2.0 Kinachopimwa

Pengo hilo ndilo lililozaa dhana ya mtaa wa kihistoria. Mji wa Charleston, Marekani, uliweka kanuni za namna hiyo mwaka 1931, na kuunda bodi ya kupitia mabadiliko ya nje ya majengo katika eneo lililotengwa. Tangu hapo, utaratibu wa msingi umefanana katika nchi nyingi. Mwenye nyumba huwasilisha ombi kabla ya kazi kuanza; chombo husika hulilinganisha na kanuni zilizoandikwa; kisha hutoa kibali, hutoa kibali chenye masharti, au hukataa.

Swali linaloulizwa si kama mabadiliko ni mazuri kwa jicho la afisa. Maswali ni matatu: ni sehemu gani ya nyumba inayoguswa, je, ikiondolewa inaweza kurudishwa, na je, huonekana kutoka njia ya umma? Maswali yote matatu hujibiwa kwa maneno. Pale maneno yanapolegea, kwa mfano kanuni inapodai tu kwamba jengo “lilingane na mazingira yake”, mwenye nyumba hawezi kujua mapema atakubaliwa nini, na afisa hana cha kumwonyesha anapomkatalia.

3.0 Uzoefu wa Mji Mkongwe na Lamu

Zanzibar iliunda mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mpango mkuu wa uhifadhi ukakamilika mwaka 1994. Mji huo uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukafuatiwa na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Miji hii miwili inatoa mafunzo matatu.

Kwanza, jina la kienyeji hubeba maarifa ya kiufundi. Fundi anayetofautisha lipu ya chokaa na lipu ya saruji anataja zaidi ya rangi ya ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa huhitaji kupumua. Ukipigwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huanza kuoza. Kwa hiyo sharti la kutumia chokaa huilinda sura ya nyumba na uhai wake kwa pamoja. Likielezwa hivyo, mwenye nyumba huliona kuwa na faida kwake.

Pili, neno “nje” lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Nyumba ya mawe ya Lamu ina ukuta wa nje usio na mapambo mengi. Uzuri wake mkubwa, zikiwamo zidaka, umo ndani. Kati ya njia na ndani kuna daka lenye viti vya mawe, mahali ambapo mgeni hupokelewa bila kuingia faraghani. Daka ni la nyumba na ni la mtaa. Kanuni inayogawa nyumba katika “ndani” na “nje” pekee hailioni.

Tatu, lazima ijulikane nani mwombaji. Katika Mji Mkongwe zipo nyumba za watu binafsi, za wakfu, na zilizotwaliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Mpangaji anayeona boriti ikioza si lazima awe na mamlaka ya kuomba kibali cha kuitengeneza. Kuchelewa huko huweza kuangusha nyumba bila mtu yeyote kuvunja kanuni. Wala jengo mashuhuri halina kinga: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

4.0 Buyenzi na lugha ya kibali

Kuhamishia Bujumbura kanuni za pwani kama zilivyo kungekuwa kosa. Buyenzi haina roshani wala milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, na thamani yake haimo katika vifaa vya ujenzi. Imo katika mpangilio: kiwanja, ua, na hasa baraza linalokutanisha nyumba na barabara. Bati likibadilishwa kwa bati jipya, mtaa haujapoteza kitu. Baraza likizibwa kwa ukuta, umepoteza.

Hapa historia ya lugha inatoa msaada usiotarajiwa. Kifaransa cha Wabelgiji katika Kongo na Ruanda-Urundi kilikopa neno “baraza” na kulitamka “barza”, kwa maana ya ukumbi wa mbele wa nyumba. Istilahi ya mwenye nyumba ilikwisha kuingia katika lugha ya utawala. Kinachokosekana ni kuipa nafasi katika hati za kibali, pamoja na wenzake wa Kiswahili na Kirundi.

Ipo hofu ya haki kuhusu jambo hili. Wakazi wengi wa mitaa ya aina hii huongeza chumba cha kupangisha ili kukidhi mahitaji ya familia. Uhifadhi unaozuia kila kitu utawalazimisha kujenga kwa siri au kuuza na kuhama, na mtaa utabaki bila watu walioupa historia. Kwa sababu hiyo mambo manne yanapendekezwa:

(a) Ikusanywe orodha ya sehemu za nyumba, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, kutoka kwa mafundi na wazee wa mtaa, kabla ya kanuni kuandikwa.

(b) Matengenezo ya kubadili kitu kwa kingine cha aina ile ile yasihitaji kibali.

(c) Ujenzi wa uani usioonekana barabarani upimwe kwa usalama tu. Tathmini ya kihistoria ibaki kwa baraza, upande wa mbele na kimo cha nyumba.

(d) Kila uamuzi utolewe kwa maandishi, ukitaja sehemu husika na sababu, katika lugha anayoisoma mwombaji.

5.0 Hitimisho

Tathmini ya sura ya nje ya nyumba ni mazungumzo kati ya mwananchi na dola kabla nyundo haijapigwa. Katika Buyenzi, mazungumzo hayo yanaweza kuanzia kwenye neno ambalo pande zote tayari zinalo. Kazi ya kukusanya maneno mengine haihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa, lakini inahitaji kufanyika wakati nyumba zinazobeba maneno hayo zingali zimesimama.